Maji ya Skuli ya Magogoni

Jumatatu, 11 Septemba 1961

Tumefungua. Nilidhani mvua ya alfajiri ingewazuia watoto, kumbe wamekuja wote, na wenye wadogo zao wamekuja nao. Wameketi mikekani bega kwa bega mpaka mlangoni. Waliokosa mkeka wako barazani na Jael.

Jael ni msaidizi wangu. Ni mtu wa bara, mumewe Kefa yuko kiwanda cha saruji. Apika uji, aosha vikombe, awanawisha wadogo. Kiswahili chake chanikwaruza masikio, lakini mtoto akilia hunyamaza kwake upesi kuliko kwangu.

Ami Salem, nduguye baba, alipita kututazama, akasimama mlangoni na bakora yake akicheka kwa furaha. Ana haki ya kufurahi. Jengo hili lilikuwa ghala lake la nazi. Alilitoa ili watoto wa Magogoni wapate pa kuanzia kabla ya skuli kubwa. Mwaka huu Serikali imeiandika nasari yetu hii ya watoto wadogo kuwa skuli ya umma, ikaanza kutuletea unga wa uji na kutulipa mshahara mimi na Jael, na Ami akafanywa mwenyekiti wa kamati. Hata maji tunywayo ni ya kwetu. Kisima cha uani alikichimba babu yangu, akakiweka wakfu. Baba alipofariki, Ami ndiye aliyetuchukua nyumbani kwake mimi na Mama. Kila nilicho nacho kimepita mkononi mwake.

Alhamisi, 14 Septemba

Mvua. Kuimba tu, maana hata sauti yangu siisikii kwa mabati.

Alhamisi, 21 Septemba

Amekuja mkaguzi. Nilimtarajia Mzungu mwenye kofia, akaja mwanamke Mwafrika wa bara mwenye miwani, Bi Margret, aliyesomea mambo ya watoto wadogo huko ng'ambo. Nilimfutia kiti, hakukikalia. Alipiga magoti katikati ya chumba, akatazama pande zote kwa kimo cha mtoto. Kisha akatoa utepe wa kupimia, kama wa fundi cherehani, akapima ukuta hadi ukuta huku watoto wakimfuata nyuma.

"Mwalimu, hawa wote ni wako peke yako?"

"Niko na Jael."

"Jael yuko jikoni. Mmoja akitoka kwa huu mlango sasa, nani atajua?"

Nikamwambia watoto wa Magogoni hawapotei, hapa kila mtu amjua mtoto wa mwenziwe. Aliandika kitu katika daftari lake. Nilichukia vile alivyokiandika.

Alipofika uani alimwita Kafedha. Huyu ni binti wa Mwarandu mgema, ana miaka mitano, na aweza kumwigiza mtu mzima yeyote, tangu mwadhini hadi mimi mwenyewe. Bi Margret akamuuliza choo kiko wapi. Kafedha akamwonyesha, kisha akasema kwa sauti yangu hasa, "Lakini mimi siingii humo. Shimo kubwa, nitatumbukia. Sisi twaenda hapa."

Akaonyesha nyuma ya ukuta. Toka hapo hadi kisimani, hata jiwe la kurushwa na mtoto lafika.

Sikulijua jambo hilo. Nimefundisha hapa mwaka mzima na sikulijua.

Bi Margret alijaza maji ya kisima katika chupa, akaifunga kwa nta. Tukaketi barazani, akanitajia yatakiwayo. Mwalimu mmoja asipewe zaidi ya watoto thelathini. Mwalimu awe amepata mafunzo, si kusoma tu. Pawe na mlango wa pili. Choo kiwe na tundu dogo ambalo mtoto halihofu, tena kiwe mbali na maji. Maji ya kunywa yachemshwe tangu leo, mpaka yale ya chupa yapimwe.

"Nitarudi kabla ya kufunga muhula," alisema. "Serikali ikiita skuli kuwa ya umma, mtoto wa hapa apate sawa na mtoto wa mahali pengine. Ikishindikana, itafungwa."

"Na wakifungiwa waende wapi? Mama zao wako mashambani na viwandani."

"Hilo ndilo linaninyima usingizi, mwalimu," akasema. Sikumwamini.

Ijumaa, 22 Septemba

Nimemweleza Ami baada ya sala ya Ijumaa. Alisikiliza habari za mlango na choo akitikisa kichwa. Nilipofika kwenye kisima aliinuka kitini.

"Maji ya babu yako mzaa baba, yapimwe kwa chupa! Watu wamekunywa hapo, wametawadha hapo, hakufa mtu. Alawiya, mwanangu, huoni yuataka nini? Siku hizi ni maneno ya Mwambao huu wetu na bara, nani atutawale. Wabara waanza na kisima, kesho ni nyumba."

"Yuasema yachemshwe tu, Ami."

"Ukiyachemsha umeshakiri kuwa ni machafu."

Moyoni nilikuwa upande wake.

Ijumaa, 29 Septemba

Mvua.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimemkuta Jael amebandika sufuria kubwa kabla ya watoto kufika. Ameyachemsha maji tangu siku ile bila ya kuniambia. "Mwalimu, hii maji iko na harufu," alisema. Nikayanusa, sikusikia kitu, ila udongo, na udongo ni kawaida ya mvua. Sikumkataza.

Jumatatu, 9 Oktoba

Ami aliuona moshi. Alikuja mwenyewe jikoni, jambo ambalo halijapata kutokea, akaimwaga ile sufuria kwa bakora mbele ya watoto. Hakumtukana Jael. Alinitazama mimi. "Alawiya."

"Abee, Ami."

"Kuni za skuli ni za uji."

"Ndiyo, Ami."

Jael aliiokota sufuria, akaanza kupangusa sakafu. Hakunitazama.

Jumatano, 11 Oktoba

Mvua ya kutwa. Mto wa maji mekundu wapita uani toka nyuma ya ukuta, ukizunguka mdomo wa kisima.

Jumanne, 17 Oktoba

Mikeka ina nafasi. Wengi hawakuja, na waliokuja wawili wamejiharia. Nimewaambia mama zao ni baridi ya mvua.

Jumatatu, 23 Oktoba

Kafedha alikuja asubuhi, akaketi karibu na mlango, akawa hamwigizi mtu. Nilipomgusa alikuwa moto. Alisimama atoke nje, hakufika. Nilichokiona sakafuni kilikuwa na damu.

Nilimwachia Jael skuli nzima, nikambeba mgongoni kwa leso yangu. Kwao ni ng'ambo ya minazi, na njia yote ilikuwa maji. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu. Mara moja tu alisema neno, "Mwalimu, wapiga hatua kama ngamia," nikacheka kwa sauti ili asikie kuwa nacheka. Mamake alikuwa akitwanga. Aliuacha mchi ukaanguka wenyewe.

Niliporudi skuli watoto walikuwa wameketi kimya, na Jael amesimama katikati yao mikono kaifunga kifuani. Niliona kwa mara ya kwanza jinsi walivyo wengi. Na lau mmoja angetoka mlangoni, Jael asingejua.

Jumanne, 24 Oktoba

Mwarandu amemvusha daraja la Nyali kumpeleka hospitali ya mjini. Nimemwomba Mungu tangu adhuhuri.

Alhamisi, 26 Oktoba

Kafedha amefariki.

Ijumaa, 27 Oktoba

Tumemzika asubuhi, kwao, chini ya mvua. Skuli ilikuwa imefungwa. Nilikwenda na Mama na Jael. Ami Salem alipeleka mchele na sanda, akaja mwenyewe na mwavuli akampa Mwarandu mkono. Watu walisema amefanya uungwana.

Wanaume walipokuwa makaburini, mamake Kafedha alinijia jikoni. Hakulia. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubana.

"Mwalimu, huko skuli mulikuwa mukimnywesha maji gani?"

Nilifungua kinywa. Jael alikuwa nyuma yangu. Mama alikuwa kando yangu. Nilisema, "Ya kisima."

"Ya kisima," akasema, kama mtu ajifunzaye neno. Akaniachia, akarudi kwa wenziwe. Alama za vidole vyake zilibaki mkononi mwangu kutwa.

Jumatatu, 30 Oktoba

Nimemwambia Jael achemshe. Nimenunua kuni mwenyewe. Akija Ami, nitasimama mimi mbele ya sufuria.

Hakuja.

Jumamosi, 4 Novemba

Leo nimevuka daraja peke yangu, nikamwambia Mama naenda kununua nguo. Nilikwenda ofisini kwa Bi Margret. Nilitaka kujua ile chupa imesema nini. Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu kwamba muda wote huo hakuleta jibu.

Aliposikia habari ya Kafedha alivua miwani, akaishika tu.

"Ni yule aliyenionyesha?"

"Ndiye."

Kisha akasema, "Jibu lilitoka mapema, mwalimu. Maji yenu yana uchafu wa choo. Nilikuja huko kwenu Kisauni mwenyewe nikamwambia mwenyekiti, barazani kwake. Alinikaribisha kahawa. Nikamwambia kisima kifungwe, na mpaka kifungwe, maji yachemke. Akaniambia, inshallah, litatendeka."

"Lini?"

"Wiki ya kwanza ya Oktoba."

Sufuria ilimwagwa baada ya hapo.

"Mbona hukuniambia mimi?" Nilipaza sauti, na karani wa chumba cha pili akachungulia. "Mimi ndimi niliyekuwa nikiwajazia vikombe!"

"Taratibu inasema niseme na kamati." Aliirudisha miwani machoni. "Nilifuata taratibu. Ningepaswa kuja kwako pia. Hilo litanikaa moyoni."

Nilikwenda kumchukia, na sikuweza. Alinisindikiza hadi barabarani. Hatukuagana kwa maneno mengi.

Jumapili, 5 Novemba

Nimemwambia Ami kwamba najua. Tulikuwa peke yetu ukumbini, Mama yuko jikoni.

Hakukana. Alikuwa amevaa kofia yake ya viua, akaivua, akaitazama ndani.

"Nilidhani asema uwongo," akasema. "Wallahi, Alawiya, nilidhani atafuta sababu. Watu wote wasema hivyo barazani. Ungekuwa wewe, ungemwamini nani? Yeye, ama babu yako?"

"Na sasa?"

"Sasa mtoto amekwisha kufa. Nikikifunga kisima leo, nimemwambia Mwarandu nini?"

"Umemwambia kweli."

"Nimemwambia mimi ndimi niliyemuua." Kofia ilimkunjika mkononi. Sijapata kumwona vile. Nilitaka kumwendea, na nilitaka kutoka nje nisirudi. Nilibaki nimesimama.

Jumatano, 8 Novemba

Mvua imepasua njia ya madukani. Bi Margret ametuma habari kuwa atakuja Jumatano ijayo na mkubwa wake.

Jumatatu, 13 Novemba

Kamati imekutana. Ami amerudi kuwa Ami. Yuasema kwa mpango, bakora gotini. Siku ya ukaguzi, walio zaidi ya sitini watapelekwa katika ghala lake jipya na kukaa huko mpaka wageni waondoke. Madramu ya maji ya mfereji, ya bomba, yataletwa toka mjini kwa gari lake. Choo kitapigwa chokaa. Jael atavaa nguo nzuri na kuitwa mwalimu.

"Wakiuliza kuhusu maji," akaniambia mbele ya wazee wote, "utasema watoto wanywa ya mfereji tangu Septemba. Maradhi yaliletwa na mvua. Skuli ikifungwa, Alawiya, watoto hawa watarudi kukaa vichochoroni. Ni neno moja tu."

Wazee wakanitazama. Hakuna hata mmoja aliye mbaya. Wote wana wajukuu mikekani mwangu.

"Nimesikia, Ami," nikasema. Ni kweli, nilisikia.

Jumanne, 14 Novemba

Mama ameniuliza kwa nini sili. Nilimweleza. Akasema, "Tukitoka nyumba hii, twaenda wapi?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu atakaye kujua kweli.

Jael naye nilimuuliza atafanyaje. "Mimi nitakaa na wale wa ghala," alisema. "Mahali watoto wako, ndio mimi niko. Lakini nikiulizwa, sitadanganya. Mimi nilipanguza hiyo maji kwa sakafu."

Jumatano, 15 Novemba

Nayaandika haya alasiri.

Madramu yalifika asubuhi na mapema. Watoto wa ziada walipangwa kwa mstari, wakapelekwa ghalani wakidhani ni mchezo. Waliobaki walikaa mikekani, na nafasi kati yao ilikuwa nzuri kutazama. Nilijikuta nikifikiri, hivi ndivyo inavyotakiwa iwe.

Bi Margret aliingia na bwana mkubwa, Mzungu mnyamavu, na kamati nyuma yao. Alihesabu watoto kwa macho. Aliyaona madramu, akagonga moja kwa ukucha. Mvua ilikuwa imeanza tena kugonga mabati.

"Mwalimu Alawiya," akasema kwa sauti ya kazi, "watoto wanakunywa maji ya wapi?"

Ami alikuwa mlangoni, pale pale asimamapo siku zote. Alikuwa akinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa mtoto nikijifunza kusoma, ananitakia nipatie.

"Leo, ya mfereji," nikasema. "Yameletwa leo. Mpaka mwisho wa Oktoba walikuwa wakinywa ya kisima, yasiyochemshwa. Kafedha binti Mwarandu aliyanywa mpaka siku aliyougua. Msaidizi wangu aliyachemsha, akakatazwa, na mimi nikakubali akatazwe. Watoto wengine wa skuli hii wako ghalani. Naomba waletwe, mvua ni nyingi na ghala lina mlango mmoja."

Mzungu alimuuliza Bi Margret kitu kwa Kiingereza, naye akamjibu kwa maneno machache. Ami aligeuka, akafungua mwavuli, akatoka.

Waliletwa, Jael mbele, kila mmoja ameshika nguo ya mwenziwe. Chumba kikajaa mpaka bwana mkubwa akalazimika kusimama nje.

Skuli imefungwa kuanzia leo, mpaka yatakiwayo yatimizwe. Bi Margret alitangaza mwenyewe, hakumwachia mkubwa wake. Alipopita kando yangu alisema polepole, "Nitarudi kabla ya mwaka mpya. Si kukagua. Kusaidia."

Ijumaa, 17 Novemba

Ami hasemi nami. Hula peke yake. Hajatutoa.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimetukanwa njiani na mama wa watoto watatu. "Umewafungia watoto wetu ili upate sifa kwa wabara! Wangu wako peke yao nyumbani, na mimi niko shambani kwa watu!" Alikuwa na haki. Nimemwambia awalete kwetu, na kesho nitawakalisha ukumbini. Nitamwomba Ami ruhusa kupitia kwa Mama.

Jumanne, 21 Novemba

Amekubali. Amesema tu, "Wachemshiwe maji."

Alhamisi, 7 Desemba

Mvua imepungua. Kefa amekuja na wenziwe wa kiwandani kujenga choo kipya, ng'ambo ya uwanja, na matundu madogo ambayo Jael aliwapimia kwa sahani. Mafundi wamebomoa ukuta wa nyuma kutia mlango wa pili. Ami ndiye aliyewalipa, lakini hakuja kutazama.

Bi Margret yu hapa kila Jumanne na Alhamisi. Atufunza mimi na Jael, benchi moja. Jael ana akili ya kazi hii kuliko mimi. Bi Margret alimsahihisha Kiswahili nami nikamsahihisha Bi Margret, tukacheka sote watatu hadi Jael akashika mbavu.

Jumamosi, 16 Desemba

Ami Salem amekifukia kisima.

Alikuja na vibarua na gari la kifusi. Kabla hawajaanza alimtuma mtu kwa Mwarandu, naye akaja. Wakasimama pande mbili za kile kisima. Sikusikia Ami alisema nini. Alisema kwa muda mrefu, na bakora ilikuwa chini, mikono yote miwili wazi. Mwisho Mwarandu aliinama, akaokota jiwe la mdomo wa kisima, akalisukuma ndani. Ami akashika la pili. Ndipo vibarua wakaanza.

Walipomaliza, Ami alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinipita, akasimama hatua chache mbele. "Twende nyumbani," akasema bila ya kugeuka. "Mamako ameshapakua."

Jumatatu, 8 Januari 1962

Tumefungua. Thelathini kwangu, thelathini kwa Jael, ambaye sasa aitwa mwalimu na watoto wamezoea tangu saa ya kwanza. Mfereji umefika uwanjani. Yatakiwayo yote yametimia. Asubuhi yote nilisimama mlangoni kuwaambia mama wengine kwamba nafasi zimejaa, wasubiri chumba cha pili. Mmoja alilia. Kazi hiyo hakuna aliyenifunza.

Nafasi moja nilikuwa nimeiweka, nisijue kama mwenye nayo atakuja. Nilikuwa nakaribia kufunga mlango nilipomwona Mwarandu akivuka uwanja, amemshika mkono mtoto mdogo wa kike aliyevaa kanga mpya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Huyu ni Mapenzi. Ndiye aliyemfuata dadake."

Nikamwambia karibu. Hakuingia. Alitazama ndani, chumba chote, na ule mlango wa nyuma uliokuwa wazi. Kisha akasema, "Nipe maji."

Nilimchotea kikombe katika mtungi wa watoto. Alikinywa chote, taratibu, mpaka tone la mwisho, naye Mapenzi akimtazama toka chini. Akakaa kidogo, kama asubiriye. Akanirudishia kikombe, akauachia mkono wa mtoto.

Alikwenda zake bila ya kugeuka nyuma. Mapenzi akaniuliza aketi wapi.